Eti Historia ya Jirani

Ukurasa wa Facebook wa shule moja hapa Kisumu umeweka picha za safari ya kidato cha tatu kwenda Uganda. Watoto wamepangwa mbele ya kibao cha chanzo cha Nile kule Jinja, vidole viwili juu, na chini yake mtu ameandika kwa fahari kwamba wanafunzi "wamejifunza historia ya nchi jirani." Mpwa wangu yumo, amefumba macho. Sehemu ya nauli yake ilitoka mfukoni mwangu, kwa hiyo mniwie radhi, leo nitalalamika.

Ratiba kwanza, niimalize haraka. Kuondoka saa nane usiku, Busia alfajiri, Jinja dakika arobaini, Namugongo, chakula, makaburi ya Kasubi, kisha maduka ya Kampala saa mbili nzima (maduka!), na kurudi usiku uo huo. Hizo ni zaidi ya kilomita 600. Foleni ya Kampala haikuhesabiwa kabisa. Nadhani aliyepanga aliamini basi la manjano litapishwa kama msafara wa rais. Habari ya dereva asiyelala nawaachia wazazi wenzangu, wameshaipigia kelele kwenye grupu.

Kilichonichoma ni kingine. Nilimuuliza binti ameona nini. Akasema rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya kule ni tamu kuliko ya Kondele hapa kwetu. Haya, huo nao ni utafiti. Na Kasubi? "Wamezikwa wafalme wao, Shangazi, lakini nyumba iliwahi kuungua." Ni kweli, iliungua Machi 2010. Wafalme gani? Kimya. Namugongo je? "Wakristo walichomwa." Kwa nini? "Mfalme alikuwa mbaya."

Mfalme alikuwa mbaya! Tumesafirisha basi zima kuvuka mpaka ili mtoto arudi na jibu la katuni.

Sasa mwalimu yeyote wa historia anisikilize. Oktoba 1885, Askofu James Hannington, Mwingereza wa Anglikana, alifika Mumias, kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Mumias hii hii, ya miwa. Akatoka hapo na wapagazi wake akaelekea Buganda kwa kupitia Busoga. Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, alikuwa kijana, ndio kwanza amerithi kiti, na Waganda walikuwa na imani ya zamani kwamba atakayeivunja nchi yao atatokea mashariki. Wageni wengi wa Ulaya waliomtangulia walikuwa wakija kwa njia ya kusini, kupitia Tanzania ya leo na ziwani. Huyu akatokea upande ule ule ulioogopwa. Wakamkamata, na tarehe 29 Oktoba akauawa Busoga pamoja na wengi wa watu wake. Mashariki iliyomkosesha Mwanga usingizi ni upande wetu huu.

Haiishii hapo. Ndani ya jumba la Mwanga alikuwemo Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkubwa wa Kabaka na Mkatoliki. Alimkemea bwana wake kwa kumuua askofu yule. Novemba hiyo hiyo akauawa yeye. Miezi michache baadaye, tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Mwanga, moto ukawashwa Namugongo kuwachoma Wakristo wale. Na mifupa ya Hannington? Ilirudishwa Mumias ikazikwa huko, hadi 1892 ilipochukuliwa kupelekwa Namirembe, kwenye kanisa kuu la Anglikana la Kampala. Mwanga mwenyewe akaja kupigana na Waingereza, akashindwa, akafia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, na mwili wake ukarudishwa miaka kadhaa baadaye ukalazwa Kasubi.

Kasubi hapo hapo, ambapo mpwa wangu alisimama akatazama paa la nyasi kisha akakimbizwa madukani.

Kumbe ratiba ile ilikuwa na kisa kizima ndani yake. Namugongo na Kasubi vimo vyote, na Mumias ingewagharimu kupinda tu kupitia Kakamega badala ya kunyoosha kwa Ugunja. Aliyeipanga hakujua anachokipanga, ndiyo maana watoto wetu walizurura kama watalii ndani ya boma la babu yao. Kila mwaka Juni ikikaribia, mahujaji wa upande huu wanatembea kwa miguu hadi Namugongo, kina mama wenye malengelenge nyayoni. Hao hawajawahi kuniambia wanaenda kwa jirani.

Tena kuna jambo ambalo nikilitaja watu hudhani natania. Hadi 1902 Kisumu ilikuwa Uganda. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901 ilikuwa imefika Uganda kweli, kwa sababu jimbo la mashariki la himaya ile lilianza huku kwetu likaenda hadi Naivasha, Nakuru ikiwa ndani. Aprili 1902 Waingereza wakalihamishia jimbo hilo lote kwenye himaya yao ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo, sababu mojawapo ikiwa kuiweka reli chini ya serikali moja. Watu walilala Uganda wakaamka kwingine, na hakuna aliyehama hata jiko. Mtoto anayevuka Busia leo na karatasi mkononi anastahili kuambiwa hayo kabla ya kugongewa muhuri.

Jinja nayo inahitaji mdomo wa kueleza. Speke, mvumbuzi Mwingereza, alifika pale Julai 1862 akaona maporomoko, akayapa jina la Ripon. Maporomoko hayo hayapo. Yalimezwa na maji ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Usipoelezwa, unatazama maji yanapita na muuza fulana anakuita. Wala hakuna aliyewaambia kwamba Nile ndio mlango pekee wa mto unaotoa maji ya ziwa letu, yale yanayopigapiga mitumbwi pale Dunga.

Kuna wanaosema pesa hizo zingewapeleka Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe kule Migori, ambalo UNESCO ililitambua 2018 na wengi wetu hatujalikanyaga. Kweli, waende. Na nakiri, kwa shingo upande, kwamba safari mbovu kuliko kukaa darasani bado ni nadra, maana yupo aliyevuka mto Yala kwa mara ya kwanza siku ile.

Ila mwaka ujao nataka mabadiliko. Maduka yafutwe. Walale Kampala usiku mmoja, hata kwenye bweni la shule. Na mwalimu wa historia apewe maikrofoni ya basi, kwa sababu saa tano za barabarani ni vipindi zaidi ya saba, na safari hii vyote vilikwenda kwa filamu za Kinigeria. Mkuu wa shule amesema litajadiliwa kwenye mkutano wa wazazi. Nitakaa kiti cha mbele.