Kongoro Imeganda, Jeli Imegoma

Ngozi ya mtu wa Tanga haikuumbiwa Dodoma. Sisemi hivyo kuilaumu Dodoma. Nimeolewa huku kwa hiari yangu. Mume wangu ni Mgogo wa Mvumi, na Serikali ilipoanza kuhamia makao makuu kwa kasi baada ya mwaka 2016, yeye alikuwa anarudi kwao na bado analipwa posho ya uhamisho. Aliyehama ni mimi. Kwetu unaoga, unajipaka mafuta kidogo, unyevu wa bahari unamalizia kazi. Huku mwezi wa tisa ukiingia na upepo wake, unajipaka mafuta sebuleni, ukifika getini umeshapauka. Midomo inapasuka. Visigino ndiyo usiseme, usiku vinakwama kwenye shuka.

Kwa hiyo siku mwenyekiti wa kikoba chetu alipotuma kwenye kundi picha ya unga wa kolajeni, na chini yake maneno "ngozi ya kitoto ndani ya wiki nne", hakuna aliyeuliza unafanyaje kazi. Tuliuliza bei. Bei tuliambiwa, na waume zetu mpaka leo hawajaambiwa. Mzigo ukaja kutoka Dar kwa treni ya mwendokasi, umepakatwa na binamu yake mwenyekiti safari nzima.

Shida ya ule unga ni kuunywa. Una harufu ya mbali ambayo huwezi kuitaja mbele ya wageni. Baada ya siku chache wenzangu wakaanza kuuficha nyuma ya makopo ya majani ya chai. Mimi ndiye katibu, na katibu kazi yake ni kuokoa jahazi, basi nikasimama kikaoni nikatoa hoja: tuutie kwenye jeli za matunda. Watoto watakula, wageni watakula, ngozi zitanawiri, na tukiona zinakwenda tutauza shilingi 1,000 kikombe. Hoja ikapita. Nikaidhinishiwa hela ya majaribio kutoka mfuko wa jamii. Hilo la mfuko wa jamii naomba mlishike.

Mhazini, mama wa dini asiyecheka na mambo ya kula, akataka kwanza aone kopo la jelatini, ule unga wa kugandishia jeli, kabla sijalifungua.

"Katibu, hii ya mnyama gani?"

Swali la haki kabisa. Jelatini na kolajeni ni ukoo mmoja, zote hutolewa kwenye ngozi, mifupa na kano. Za ng'ombe, za nguruwe, hata za samaki. Tukalisogeza kopo dirishani, tukasoma wote wawili kwa sauti: ng'ombe, na alama ya halali ipo. Akanirudishia bila kutabasamu.

Lakini mimi nikawaza kibiashara. Kama ni ukoo mmoja, kwa nini nitumie jelatini na unga wa kolajeni nimeshaulipia? Zabibu zilikuwa za mwisho mwisho wa msimu. Nilizinunua kwa wale vijana wanaokimbilia mabasi na ndoo, ambao ukiwauliza zimetoka wapi, wanakuambia Mpunguzi au Hombolo kutegemea sura yako. Nikaponda, nikachuja, nikakoroga unga humo, nikaweka kwenye friji. Asubuhi nikakuta juisi ya zabibu baridi. Nikairudisha. Jioni nikakuta juisi ya zabibu baridi sana.

Mgongoni mwa kopo, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi, ilielezwa kwamba kolajeni hiyo imeshakatwakatwa vipande vidogo ili iyeyuke hata kwenye maji baridi. Hapo ndipo penye mkasa. Jelatini inagandisha kwa sababu nyuzi zake ni ndefu. Zikipoa zinasukana na kuyateka maji katikati. Ukishazikatakata hivyo, zisukane na nini? Juisi tukainywa. Mume wangu alisema inamkumbusha mnada wa mifugo wa Msalato, ila si upande wa nyama choma.

Basi nikafungua lile kopo la jelatini, na safari hii nikafuata maelekezo kwa utiifu wa mwanafunzi wa bweni: gramu 10 kwa nusu lita ya juisi, unainyunyiza kwenye maji baridi kidogo, unaiacha dakika tano hadi kumi ivimbe, ndipo unaiyeyusha kwa moto mdogo bila kuichemsha. Unga wa kolajeni nikautia pia, maana ndio ulioleta yote haya. Zabibu zilizobaki zilitosha trei moja. Trei mbili nikazifanya za nanasi na za papai. Nanasi nililimenya saa hiyo hiyo, likasagwa likiwa bado linatiririka. Papai lilikuwa limeiva mpaka linaita nyuki. Nilitaka rangi tatu mezani. Picha nilishazipiga na kuzituma kwenye kundi kabla hata sijafunga mlango wa friji, na mioyo myekundu ilimiminika.

Sasa niwaambie kuhusu mama mkwe. Alikuja mwezi wa sita kutusalimia, salamu zikamnogea. Ana magoti, na dawa ya magoti yake ni supu ya kongoro. Kila wiki anakwenda soko la Majengo, anarudi na miguu ya ng'ombe, anaichoma manyoya kwenye jiko la mkaa uani mpaka majirani wanafunga madirisha, kisha anaichemsha kutwa nzima. Inayobaki inaingia kwenye friji yangu. Sufuria lake lilikuwa rafu ya chini, trei zangu rafu ya juu.

Kulipokucha nikafungua. Zabibu zimeganda safi, ukigonga kikombe zinatetemeka zote kwa pamoja. Nanasi ni maji. Papai sikulielewa, si maji, si jeli. Nikachovya kijiko, nikakiinua, kikafuatwa na uzi mrefu ambao haukutaka kukatika. Mama mkwe akachungulia begani kwangu.

"Mlenda!" akasema, kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. "Mlenda wa papai. Ugali nisonge wa uwele au wa mtama?"

Ilikuwa Jumapili, na kikao ni saa nane mchana, kwangu. Nikaamua friji imeharibika, nikamwita fundi. Akaja na mkoba wake, akachukua kwanza hela ya kufungulia mkoba, ndipo akafungua friji. Juu, nyama imeganda kiasi kwamba ilipomponyoka ilivunja kigae. Akasikiliza mota. Akapapasa mabomba nyuma. Kisha akavuta sufuria la mama mkwe, akachomeka kijiko katikati, kijiko kikasimama wima. Akalipindua sufuria kichwa chini juu ya sakafu yangu niliyotoka kuideki. Hakikudondoka kitu.

"Dada, hii nayo umeitia dawa ya kugandisha?"

"Hapana, hiyo kongoro tu. Maji na chumvi."

"Sasa friji igandishe supu ya mama, igandishe zabibu, halafu ikatae nanasi? Friji haina ubaguzi, dada yangu."

Akaondoka na hela yake, na bakuli la kongoro.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele, hajainua kichwa. "Mwanangu, hiyo dawa yako inatokana na nini?"

"Ngozi na mifupa ya ng'ombe, mama."

"Na unaitia kwenye papai."

"Ndiyo, mama."

Akapuliza chuya kwenye ungo taratibu. "Kwenu Tanga, nyama ya ng'ombe mzee mnailainishaje?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Kwetu nyama ngumu inapakwa papai bichi, ikiachwa kidogo inakatika kwa kijiko. Mishikaki yote niliyowahi kuchoma nyumba hii imepita kwenye papai kwanza, na yeye mwenyewe ameila akasifia. Papai lina kimeng'enya chake, papaini, ambacho chakula chake ni protini. Nanasi lina cha kwake, bromelini, nacho ni mmoja wa wanaofanya ulimi uwashe ukilila kwa pupa. Jelatini ni protini tupu. Yaani nilimchukua ng'ombe nikamkabidhi kwa adui zake wawili, nikawafungia pamoja kwenye friji, nikaenda kulala. Ungekuwa umepita moto ugomvi ungeisha: ukichemsha nanasi kwanza, kimeng'enya kinakufa, ndiyo maana nanasi la kopo linaganda kwa amani. Ukitaka nanasi lisilopikwa, tumia agaa, inayotokana na mwani. Hiyo si protini, kwa hiyo nanasi halina kesi nayo. Elimu hii yote, nyingine ya kigodani na nyingine ya kwenye simu, niliimaliza saa sita mchana.

Ilibaki trei ya zabibu. Wajumbe walipofika nikaiweka mezani chini ya mwarobaini, vikombe vimejipanga, zambarau inayong'aa, nikatangaza kwamba tutakula baada ya ajenda, kwa sababu wenzangu wakishakula hawasikilizi muhtasari. Ajenda ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Tukafika kwenye marejesho ya mikopo. Kulikuwa na mjumbe mmoja hajarejesha, na akasimama kujieleza tangu siku alipozaliwa. Jua la Dodoma la mwezi wa kumi halisubiri mtu ajieleze. Kivuli kikasogea, meza ikabaki juani. Jeli ya jelatini huanza kuyeyuka hata kabla ya nyuzi joto 35. Ndiyo inayoyeyuka mdomoni vizuri namna ile. Mwenyekiti alipotoa ruhusa na kuinua kikombe chake cha kwanza, yaliyomo yalimtangulia kwenye kitenge.

"Katibu," akasema, anakitazama kitenge, "tunakula au tunakunywa?"

Kabla sijajibu, mama mkwe akatoka jikoni na sufuria lake, limeshapashwa moto linafuka, na sahani ya ndimu na pilipili. "Mbukwenyi!" akatusalimia kwa Kigogo. Wakaitikia wote, hata wale wa Moshi. Bakuli zikazunguka. Kwa dakika kadhaa ilisikika midomo tu.

Mhazini ndiye aliyeweka bakuli chini kwanza. "Mama, humu ndani mna nini?"

"Miguu ya ng'ombe."

"Na ngozi? Mifupa? Kano?"

"Mguu una nini kingine?"

Mhazini akalitazama kopo la kolajeni pale mezani, nililoliweka kama pambo. Akalitazama bakuli. Akanitazama mimi. Nilimwona kabisa anapiga hesabu. Tumbo lenyewe halibagui kopo wala sufuria, yote linayavunja yawe asidi amino na vipande vidogo vidogo vya protini. "Hivi hela ya kopo moja," akauliza polepole, "inanunua kongoro ngapi Majengo?" Mwenyekiti akakumbuka ana simu ya kupokea, ingawa hatukuisikia ikiita.

Kwenye mengineyo ikaja hela ya majaribio. Mfuko wa jamii, kwa katiba yetu, ni wa ugonjwa, msiba na harusi. Nikajaribu kuieleza kama ugonjwa, kwa sababu ya visigino. Wakakataa. Harusi haikuwepo. Mjumbe mwenye deni, ambaye sasa alikuwa na furaha kuona mjadala umehama kwake, akapendekeza msiba, na akaungwa mkono. Mimi ndiye mwenye kalamu, ikabidi niandike mwenyewe, kwa mwandiko wa kusomeka: "Fedha za jeli ya nanasi na papai zihesabiwe rambirambi. Mama mkwe wa Katibu aombwe kuleta kongoro kikao kijacho, kwa gharama za Katibu. Wajumbe waliafiki kwa kauli moja, isipokuwa Katibu, ambaye hakuulizwa."