Madhabahu na Mfereji: Tunazisomaje Hospitali za Ulaya za Karne ya 15?

Katika mpango ambao msanifu majengo Filarete aliuandaa kwa ajili ya Ospedale Maggiore, hospitali kuu ya Milan, Italia, jengo lililoanza mwaka 1456 kwa amri ya mtawala Francesco Sforza, kuna mlango mdogo ukutani baina ya kila vitanda viwili. Mgonjwa aliyeshikwa na tumbo la kuhara usiku hakulazimika kuvuka wodi nzima. Alifungua mlango, akaingia kwenye ujia mwembamba unaofuatana na wodi, na humo akakuta choo. Chini ya choo ulipita mtaro uliopokea maji ya mfereji wa Naviglio. Maji ya mvua yaliyokusanywa na paa nayo yalishushwa humo kwa mabomba yaliyopita kwenye kuta, ili yasukume uchafu. Na kwa kuwa choo kilichofungiwa ndani hurudisha harufu kwa watu, matundu ya hewa yalipandishwa ukutani hadi juu ya paa.

Tumeanzia chooni kwa makusudi. Maelezo yaliyozoeleka kuhusu majengo haya huanzia madhabahuni na mara nyingi huishia hapo hapo. Husemwa kwamba hospitali ya Ulaya ya mwisho wa zama za kati ilikuwa kanisa lililowekwa vitanda: mgonjwa alilazwa ili afe vizuri, na kupona kulikuwa bahati. Kwa maelezo hayo, tiba iliingia kwenye ramani ya jengo katika karne ya 18 tu, pale hospitali ya jeshi la majini la Uingereza huko Stonehouse, Plymouth, ilipojengwa kati ya 1758 na 1762 kwa majengo yaliyoachana, na pale Paris ilipoanza kubishana namna ya kuijenga upya Hôtel-Dieu, hospitali yake kuu ya kale, baada ya moto wa 1772.

Upande huu una ushahidi mzito. Chukua hospitali nyingine yenye jina hilo hilo, Hôtel-Dieu ya Beaune, Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, kansela wa mtawala wa Burgundy, pamoja na mkewe Guigone de Salins. Mgonjwa wa kwanza alipokelewa tarehe 1 Januari 1452. Ukumbi wake mkuu una urefu wa karibu mita 50, upana wa mita 14 na kimo cha mita 16, na dari ya mbao iliyopinda kama mashua iliyofudikizwa. Vitanda vimepangwa kwa safu mbili kando ya kuta, na mwishoni kuna kanisa dogo, ili mtu asiyeweza kusimama asikie misa akiwa amelala. Hapo ndipo ulipowekwa mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Rogier van der Weyden, ambao milango yake ilifunguliwa Jumapili na siku za sikukuu. Huko Milan vilevile, wodi nne zilipangwa kwa umbo la msalaba, na mikono yake minne ilikutana penye madhabahu. Wanaosema roho ilitangulizwa hawajabuni kitu.

Kosa lao ni kudhani kwamba kilichowekwa kwa ajili ya roho hakikuweza kuufaa mwili. Ukumbi wa Beaune una sakafu ya takriban mita za mraba 700. Ukigawa kwa vitanda 30 hivi, kila kitanda kinapata zaidi ya mita za mraba 23. Hata wakilazwa wawili kwa kitanda, jambo la kawaida enzi hizo, kila mmoja anabaki na zaidi ya 11, na juu yake kuna dari ya mbali ambako hewa ya moto na moshi wa mishumaa hupanda. Chini ya jengo unapita mto mdogo wa Bouzaise, uliopokea maji machafu. Kimo kile kilimtukuza Mungu na kikawapa wagonjwa hewa kwa pamoja, na mjenzi hakuwa na sababu ya kuchagua kimoja. Kweli, walijikinga na hewa chafu kwa kuamini kwamba harufu yenyewe ndiyo inayozaa ugonjwa. Nadharia ilikuwa na kasoro, lakini mfereji uliojengwa kwa nadharia hiyo uliondoa kinyesi kando ya kitanda, na hilo ndilo lililokuwa na faida.

Hapa mpimaji inabidi awe mwangalifu. Anayeingia Beaune leo akahesabu vitanda na kupima nafasi kati yao anapima kazi ya miaka ya 1870, wakati Maurice Ouradou alipoukarabati ukumbi na samani zake nyingi zikatengenezwa upya. Kuta, paa na njia ya maji ndizo za kuaminiwa kwanza, na mpangilio wa ndani uthibitishwe kwa hati.

Mtaro nao husomwa kwa mteremko wake. Ukiwa mdogo mno, uchafu hutuama na mtaro huziba. Ukiwa mkali mno, maji hutangulia mbio na kuviacha vitu vizito nyuma. Milan ni mji tambarare, kwa hiyo mfereji wa jiji peke yake hauna nguvu nyingi ya kusukuma, na ndiyo maana maji ya paa yana kazi muhimu katika mpango ule: yanaanguka kutoka juu, kwa kishindo, na kufagia. Mtu aliyefikiria hivyo alikuwa anafikiria matumbo ya watu. Filarete aliondoka Milan mwaka 1465 kazi haijaisha, na upande wa pili wa hospitali ulisubiri hadi karne ya 17, lakini wazo la msalaba lilikwishasafiri. Tunalikuta Santiago de Compostela kuanzia 1499, Granada kuanzia 1504, na London katika hospitali ya Savoy ya Mfalme Henry VII.

Kwa nini basi choo kimesahauliwa na madhabahu ikakumbukwa? Sababu kubwa ni aina ya karatasi tunazosoma. Hati ya kuanzisha hospitali iliandikwa na mawakili na makasisi, kwa niaba ya tajiri anayetaka kuombewa. Lazima itaje misa ngapi zisomwe, saa ngapi, na kwa ajili ya nani. Hakuna mwanzilishi anayeandika kwenye hati hiyo namna ya kuzibua mtaro. Mambo ya mwili yako kwenye daftari za hesabu: majani ya kujazia magodoro, shuka, kuni, mishahara ya matabibu. Anayesoma hati na kuacha daftari atatoka na kanisa, na hana haki ya kushangaa.

Msomaji anayejua wakfu ni nini ataelewa upesi. Jengo la Sultani Qalawun mjini Cairo, lililojengwa kati ya 1284 na 1285, liliweka kaburi lake, madrasa na bimaristani, yaani hospitali, mahali pamoja, chini ya wakfu. Wagonjwa wa homa, wa macho na wa upasuaji walikuwa na sehemu zao, na wanawake zao. Kurani ilisomwa humo humo. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa palikuwa na kisomo hapakuwa na tiba. Haki hiyo tunayoipa Cairo, Beaune na Milan nazo zinaistahili.

Sasa tuje kwenye takwimu inayotumika kuzihukumu hospitali za kale zote. Jacques Tenon, daktari wa upasuaji aliyekuwa katika kamati ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, alichapisha mwaka 1788 hesabu yake kuhusu hospitali za Paris: katika Hôtel-Dieu alikufa mgonjwa mmoja kati ya kila wanne na nusu. Katika hospitali ya Edinburgh, Uskoti, alikufa mmoja kati ya 25. Ukiziweka namba hizi mbili kwenye ukurasa mmoja, kesi inaonekana imekwisha: jengo la kale liliua, jengo jipya liliponya.

Lakini namba za Tenon mwenyewe zinaeleza jambo jingine. Hôtel-Dieu ilikuwa na vitanda 1,219. Vya mtu mmoja vilikuwa 486, na vikubwa 733. Kitanda kikubwa kilikuwa na upana wa inchi 52 za Kifaransa, yaani kama sentimita 140, na humo walilazwa wanne, mara nyingine sita. Wakiwa wanne, kila mmoja ana sentimita 35. Wakiwa sita, hazifiki 24. Mabega ya mtu mzima hayaenei hapo, kwa hiyo walilala ubavu, kichwa cha huyu penye miguu ya yule, na mwenye homa akamgusa mwenye kidonda usiku kucha. Fanya hesabu: 733 mara nne, ongeza 486, unapata watu 3,418 katika nyumba yenye vitanda 1,219. Wakiwa sita kwa kila kitanda kikubwa, wanafika 4,884. Na nyumba hiyo haikujengwa kwa ramani moja. Ilikuwa imeungwaungwa kwa karne nyingi, hadi ikavuka mto Seine juu ya daraja.

Katika mji huo huo, Hôpital de la Charité, ambako kila mgonjwa alikuwa na kitanda chake, alikufa mmoja kati ya saba na nusu. Lazima tuongeze kwamba Charité ilipokea wanaume tu na ilichagua, wakati Hôtel-Dieu haikumfungia mtu mlango, awe mjamzito au mwenye ndui. Tofauti yote haiwezi kubebeshwa kitanda. Hata hivyo, alichopima Tenon ni msongamano wa karne ya 18. Kuihukumu kwa namba hiyo Beaune ya 1452, yenye vitanda 30 katika ukumbi wa mita 50, ni kumtoza babu deni la mjukuu.

Kasoro za majengo ya karne ya 15 zipo, na zina mahali pake. Ukumbi wa mita 16 ni baridi kali wakati wa majira ya baridi, kwa kuwa joto lote linakimbilia darini. Utengano nao ulichelewa: Louis XIV alipofika Beaune mwaka 1658 alikuta wanaume na wanawake wamelazwa chumba kimoja, akatoa livre 500, fedha ya Ufaransa ya enzi hizo, ili watengwe. Msalaba wa Milan una ugumu wake wa kijiometri. Penye makutano hakuna dirisha linaloweza kufunguliwa, kwa sababu kila ukuta unapakana na mkono mwingine, na hewa ya wodi nne inakutana hapo hapo mbele ya madhabahu. Halafu nyua nne zilizobaki kati ya mikono zimezungushiwa majengo pande zote. Upepo hauingii chini. Unapita juu ya mapaa. Stonehouse iliupa upepo njia kwa kuachanisha majengo, kila moja likawa na pande mbili za madirisha. Hoja ya madaktari wa miaka ya 1780 dhidi ya nyua zilizofungwa inasimama, na inasimama bila kuhitaji kusema kwamba Filarete alijenga kanisa.