Kabla ya Lami, Tuonyeshwe Bomba

Kiongozi akija kukagua mradi wa barabara hapa Dar es Salaam, swali la kwanza kwa mkandarasi ni asilimia. Tumefikia ngapi? Mkandarasi anataja namba, mhandisi mshauri anaitikia kwa kichwa, na jioni tunaisikia kwenye taarifa ya habari. Mimi nimefika mahali ambapo namba hiyo hainiridhishi tena. Ninachotaka kujua ni jambo moja: majitaka ya nyumba zilizo kandokando ya barabara hiyo yatapita wapi, na je, bomba lake limelazwa na kujaribiwa kabla ya lami kumwagwa?

Sina ugomvi na lami. Vumbi la kiangazi tunalila sote, na masika mgonjwa anabebwa mgongoni mpaka barabara kubwa kwa sababu bajaji haithubutu kuingia mtaani. Barabara ikipatikana nauli inashuka, duka linafunguliwa, nyumba inapata mpangaji. Hayo hayahitaji mjadala. Hoja yangu ni kwamba barabara ya mjini ina sehemu mbili, ya juu na ya chini, na sisi tumezoea kuhesabu ya juu peke yake.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na walio wengi kabisa hawajaunganishwa kwenye mtandao wa majitaka. Mtandao wa zamani uko katikati ya mji na Kariakoo, na majitaka yake humwagwa baharini kwa bomba lililo karibu na Ocean Road. Maeneo mengine machache yanapeleka majitaka kwenye mabwawa ya kuyasafisha kama ya Vingunguti, Kurasini, Mikocheni na Chuo Kikuu. Waliobaki tuna shimo uani, na likijaa tunatafuta gari la kunyonya.

Sasa tazama mtaro. Mtaro wa barabara unajengwa upokee maji ya mvua, kwa hiyo kiangazi unapaswa kuwa mkavu. Lakini pita kwenye kata yenye nyumba zilizobanana mwezi wa Septemba, mvua ikiwa haijaonekana kwa majuma kadhaa, utakuta maji meusi yanatiririka humo. Ni maji ya kufulia, ya jikoni, na mara nyingine ya choo, yaliyoingizwa kwa bomba la plastiki la inchi nne lililopenyezwa ukutani usiku. Mwenye nyumba aliyefanya hivyo simtetei, ila namwelewa. Shimo lake limejaa. Maji ya ardhini katika maeneo mengi ya mabondeni yako juu, hivyo hata akilinyonya leo baada ya muda mfupi limejaa tena. Gari haliwezi kupita uchochoroni, na likipatikana lenye mpira mrefu bei yake inamshinda. Mtaro mpya wa zege ukipita mbele ya mlango wake, kwake ndio msaada pekee alioletewa na mradi.

Matokeo yake tunayajua. Mvua kubwa ikianza usiku, vyoo vinatapishwa, na kila kitu kinaondoka na maji kuelekea Mto Ng'ombe, kisha Msimbazi, hadi daraja la Salenda na baharini. Watoto wanaamka asubuhi wanacheza kwenye madimbwi yaliyobaki. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia jijini hapa, kikasambaa mikoani na kuvuka maji hadi Zanzibar, na maelfu ya watu wakaugua. Hatuwezi kuyataja mambo hayo msibani na hospitalini tu, halafu tukiwa kwenye uzinduzi wa barabara tukawa kana kwamba hayahusiani.

Kuna sababu ya kiufundi inayolazimisha bomba litangulie, nayo haielezwi vya kutosha kwenye mikutano ya mtaa. Majisafi yanasukumwa kwa pampu, kwa hiyo bomba lake unaweza kulipandisha na kulishusha kufuata ardhi ilivyo. Majitaka kwa kawaida yanakwenda kwa mteremko wake yenyewe. Mteremko ukiwa mdogo mno uchafu unatuama na bomba linaziba. Ndiyo maana kazi huanzia chini, kule kwenye bomba kuu au bwawa, ikapanda chemba kwa chemba, yaani yale mashimo yenye mfuniko ya kukagulia bomba, kuzifuata nyumba za juu. Kina cha kila chemba kinaamuliwa na ile iliyo chini yake. Ukikosea sentimita chache kwenye chemba ya tatu, utalipa kosa hilo kwenye ya kumi.

Lami haina sharti hilo. Mkandarasi wa barabara anaweza kuanzia popote penye nafasi: pasipo na fidia inayosubiriwa, pasipo na nguzo ya umeme ya kuhamishwa. Akimaliza vipande vitatu vilivyo rahisi, asilimia inapanda na malipo yanatoka. Bomba la majitaka haliruki kipande. Likikwama kwa mtu mmoja anayedai fidia yake, nyumba zote za juu yake zinasubiri. Kwa hiyo ratiba hizi mbili zikikutana bila mtu wa kuzipatanisha, inayoonekana haraka ndiyo inayoshinda, na miaka miwili baadaye tunaletewa kijiko, ile mashine ya kuchimba, kuikata lami ambayo deni lake bado tunalilipa.

Mtaani kwetu, upande wa Kinondoni, nilipata kusimama kwa muda nikiwaangalia mafundi wakilaza bomba, na ilikuwa kazi ya kuheshimika. Kamba ilivutwa kati ya vigingi viwili. Chini ya mtaro wa bomba waliweka mchanga laini, na fundi mmoja alikuwa amepiga magoti anaupapasa kwa kiganja akitoa kokoto moja moja pale kiungo kitakapokaa. Pete ya mpira ilipakwa sabuni, bomba likasukumwa kwa ubao mpaka likaingia hadi kwenye alama. Walipofika kwenye chemba, mmoja alimimina ndoo ya maji juu, mwingine akasubiri chini. Maji yalichelewa kufika. Wakatazamana bila maneno, kisha wakavitoa vipande viwili na kurudia kusawazisha mchanga. Hakuna kiongozi aliyekuwepo wala kamera. Kwangu mimi hayo ndiyo maendeleo ya mradi, na siku ile kwenye hesabu ya asilimia huenda ilisomeka kama siku ya kurudi nyuma.

Mtaa wa pili kutoka hapo, kazi ilifanywa vingine. Bomba lilifunikwa kwa mkupuo: kijiko kilisukuma rundo lote la udongo, pamoja na mawe na mifuko ya saruji iliyochanika, roller ikapita juu, lami ikafuata. Udongo wa kufukia hutakiwa kuwekwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya lingine. Masika ya kwanza ilitosha. Lami ilibonyea kufuata mstari wa bomba kama godoro kuukuu, chemba zikabaki zimechomoza, na bodaboda wakaanza kuanguka hapo usiku. Ukiuliza, mradi ulishakabidhiwa.

Kwa nini tunafika huko? Naona sababu kubwa ni kwamba barabara moja ina wenyewe wengi. Barabara kuu ni za TANROADS, iliyo chini ya wizara ya ujenzi. Barabara za mitaa na mitaro yake tangu 2017 ziko kwa TARURA, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Majisafi na majitaka ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ambayo kwa sura yake ya sasa ilitokana na kuunganishwa kwa DAWASA ya awali na DAWASCO, kampuni iliyokuwa ikiendesha huduma hiyo, mwaka 2018, nayo inawajibika kwa wizara ya maji. Kila mmoja ana bajeti yake, na mara nyingi ana mkopo wake wenye masharti yake. Mkopo wa barabara unaweza kukamilika wakati usanifu wa majitaka wa eneo lilelile uko mezani. Simlaumu mhandisi wa upande wowote, maana kila mmoja anapimwa kwa kazi aliyopewa. Tatizo ni kwamba hakuna anayepimwa kwa mtaa mzima.

Ule mradi mkubwa wa kuendeleza jiji, DMDP, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2015 na kutekelezwa Kinondoni, Ilala na Temeke, ulituonyesha kwamba kuunganisha mambo kunawezekana. Barabara zake nyingi zilikuja na mitaro ya zege, njia za waenda kwa miguu na taa, na kingo za Mto Ng'ombe zikajengwa. Anayekumbuka mafuriko ya pale hawezi kuubeza. Lakini mtaro si bomba la majitaka. Tulipata mfereji mzuri wa mvua katika mitaa ambayo choo hakina pa kwenda, na nimeshaeleza kinachotokea hapo.

Historia yetu wenyewe ina mifano ya kujifunzia. Miaka ya 1970 Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa chini ya mpango wa viwanja na huduma. Serikali ilitangulia kuchora mitaa na kuacha nafasi ya barabara, watu wakajenga baadaye. Leo ukitaka kupitisha bomba Sinza, njia ipo. Kazi ni kuwaondoa walioivamia. Kwa Manzese au Tandale, ambako watu walijenga kabla ya mitaa kupimwa, kila mita ya bomba ni mazungumzo na mwenye ukuta.

Miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif walijenga mitaro na njia za mtaa wao kwa mikono yao, kwa msaada wa wataalamu wa Chuo cha Ardhi na Shirika la Kazi Duniani. Walilipwa ujira, wakajifunza kazi, na wakawa na uchungu na kilichojengwa. Na Vingunguti, mtaa wa Mji Mpya, wakazi wameunganisha vyoo vyao kwa mabomba membamba yanayopita kina kifupi kati ya nyumba na nyumba, mbinu iliyokomaa Brazil tangu miaka ya 1980. Hayahitaji kijiko wala kubomolea mtu nyumba. Kwa hiyo anayesema makazi yasiyopimwa hayawezi kuwekewa majitaka, na aende Vingunguti akaangalie.

Najua jibu litakalotolewa: fedha. Bomba la majitaka ni ghali, na mtambo wa kuyasafisha ni ghali zaidi. Ukisubiri vyote vikamilike, mtaa utakaa na vumbi miaka mingine kumi, na mwananchi anayekula vumbi leo hatakushukuru. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Lakini hakuna anayelazimika kujenga mtandao wote siku moja. Barabara ikiwa imefumuliwa, gharama ya kulaza bomba tupu chini yake, pamoja na vipande vya kuunganishia vinavyoishia kwenye mpaka wa kila kiwanja, ni ndogo ukilinganisha na kuikata lami hiyo baadaye, kuirudishia, na kuwafungia watu njia mara ya pili. Bomba kuu likifika hata baada ya miaka mitano, kazi itakayobaki ni kuunganisha. Sharti ni moja: usanifu wa mteremko wa eneo zima uwe umekamilika kwanza, vinginevyo bomba hilo litakuwa limelala kwa kina kisichofaa.

Na hapo ndipo kwenye kipande kidogo kinachosahaulika kuliko vyote, kile kati ya bomba la mtaani na choo cha mtu. Mara nyingi mwenye nyumba anaachiwa agharimie mwenyewe kuunganisha, na wengi hawana uwezo wa kulipa kwa mkupuo. Bomba linapita mbele ya nyumba, shimo linaendelea kutumika, na mradi unahesabiwa umekamilika. Ningependa gharama hiyo iingizwe kwenye mradi, au ilipwe kidogo kidogo kupitia ankara ya maji. Wapangaji hawawezi kuibeba, na wenye nyumba wengi wa mitaa yetu ni wajane na wastaafu.

Kwenye ubao wa mradi huandikwa mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, gharama, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Naomba yaongezwe mambo matatu ambayo mkazi anaweza kuyakagua kwa macho yake: chemba ngapi zimekamilika na kujaribiwa kwa maji, nyumba ngapi zimeunganishwa, na ni lini kila kipande cha mtaro wa bomba kilifukiwa, ili kikibonyea ijulikane nani arudi kukirekebisha. Na ile michoro inayoonyesha bomba lilikopita kweli, siyo lilikokusudiwa kupita, ibaki nakala kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mabomba ya maji yanakatwa kila siku na vijiko kwa sababu hakuna anayejua yalipo.

Mama lishe waliokuwa kwenye kona yetu wamevuka upande wa pili, wamewekewa ubao juu ya shimo ili wateja wapite, na biashara yao imepungua sana. Wamevumilia bila kulalamika kwa kuwa waliambiwa ni kwa muda. Chemba mbili za mwisho kwenye kipande chetu hazijaunganishwa, na kokoto za tabaka la chini ya lami zimeshaanza kumwagwa. Tumemwandikia mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano na mhandisi wa mradi kabla roller haijaanza kazi, na tumeomba maji yamiminwe kwenye chemba ya juu mbele yetu sote.