Datsun, Land Rover na Maji ya Bamvua

Ugomvi ulianzia Jaws Corner, baraza ya Mji Mkongwe, Unguja, kwenye kahawa. Shemegi yangu ana Land Rover Series III, ile ndefu ya 109. Miye nina Datsun 240Z, na hakuna aliyekula kashata pale asijue, maana nishamwambia: silinda sita, lita 2.4, ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta kwenye usukani.

"Mehta hakupita njia ya kisiwani Uzi," akasema shemegi, akapuliza kikombe chake.

Yangeishia hapo. Lakini wazee wa baraza walicheka, na miye kuchekwa siwezi. Tukaagana twende Uzi, kila mtu na gari yake.

Siku hizo, kwenda Uzi kutoka Unguja Ukuu unapita juu ya mawe katikati ya mikoko, na maji yakijaa njia huioni. Watu wa kule hutazama mwezi kabla ya kutazama saa. Sisi tulitazama saa. Kumbe ni bamvua, siku za maji makubwa.

Na lipo jambo barazani sikulitaja. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Kutu huila chesisi kimyakimya. Datsun ni chuma kitupu, na chini ya mguu wangu wa klachi palikuwa na tundu sawa na kisahani, nimelifunika kwa kipande cha bati na zulia juu yake. Kiangazi likinipa upepo mzuri tu.

Siku ile likanipa bahari. Kwanza kidole gumba kilihisi ubaridi. Kisha kandambili ikaelea. Halafu feni ikarusha maji kwenye distributa, inayogawa umeme wa plagi: silinda sita zikawa tatu, ikawa moja, kimya. Kaa mdogo akaingia kwa tundu lile, akanitazama, akatoka.

Shemegi akaja kunipita, honi juu, mkono nje kama mgombea. Katika kunikwepa, gurudumu likatoka kwenye mawe, Land Rover ikakaa topeni. "Subiri uone foo-wili!" Akakikandamiza kile kirungu cha njano cha kuvutisha magurudumu yote manne, alichokisifu miaka yote. Kikamtoka mkononi. Akabaki amekishika, hajui akirudishe au akitie mfukoni.

Tulikuwa tumekaa juu ya boneti ya Land Rover (niliomba hifadhi, ndiyo) alipotokea mzee na gari ya ng'ombe, imejaa kuni. Akatusalimia, akaichungulia Datsun.

"Viti viwili tu? Na mama watoto humpakia wapi?"

Shemegi akacheka mpaka akapaliwa.

"Babu, utatuvuta kwa shilingi ngapi?" nikauliza.

Akaitazama Datsun, akaitazama Land Rover. "Hii nyepesi, elfu kumi. Ile jabali, lazima nikachukue dume jengine. Elfu thalathini."

Kicheko kikakatika. Nikaichomoa noti yangu ya elfu kumi, inachuruzika maji, nikampa mzee kwa mikono miwili, nikamwomba siku akija mjini apite Jaws Corner ayarudie maneno yale yale.