Hiena macho

Kihispania nilijifunza kwenye simu, usiku, nimejifunika shuka ili mke wangu asinicheke. Ofisini walitangaza kwamba dereva anayejua lugha hiyo atapewa Wahispania wa mwezi wa kumi. Tamaa ikanyoosha mkono kabla yangu. "Unakijua kweli?" bosi akauliza. Nikamjibu "Sí," na hapo nilikuwa nimemaliza nusu ya ninachokijua.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: mgeni haji Serengeti kuuliza bei ya nyanya. Anataka wanyama, tena wenye meno. Nikakariri wala nyama peke yao. Simba león, chui leopardo, duma guepardo, fisi hiena, bweha chacal, mbwa mwitu licaón, nguchiro mangosta. Nyegere ndiye aliyenitoa jasho: tejón melero, yaani hata Wahispania wameshampa kesi ya asali.

Halafu nikagundua siri. Simba jike ni leona. Paka dume gato, jike gata. Kumbe lugha nzima ni mwisho wa neno tu: o ya baba, a ya mama! Usiku ule nililala kama mtu aliyelipwa malimbikizo.

Wakaja sita, watano wa Hispania na mzee mmoja wa Meksiko. Siku ya kwanza, karibu na Seronera, tukamkuta fisi kajilaza kwenye dimbwi la tope. Nikazima gari, nikatangaza kwa sauti ya redio: "¡Un hieno!"

Mama mmoja mwenye kofia pana, mwalimu mstaafu (nilishahisi, alivyokuwa ananitazama), akanirekebisha taratibu. Hakuna hieno. Ni la hiena, awe dume awe jike. Ukitaka dume, sema hiena macho.

"Macho?" nikauliza, nikigusa jicho langu.

"¡Sí, macho!"

Nikachukua darubini nikamkazia fisi macho. Sikuona tofauti yoyote. Dakika nzima ilipita ndipo nikaelewa kwamba "macho" kwao ni dume. Lakini kwa fisi madoa siwalaumu kutumia jina moja: jike ni mkubwa kuliko dume, na sehemu zake za siri zinafanana na za dume kiasi kwamba hata sisi tuliozeeka porini tunabahatisha.

Kesho yake nikajitapa kwamba Afrika hatuna tigre, yaani chui milia. Mzee wa Meksiko akasema kwao wamejaa msituni. Wahispania wakaruka, tigre yuko Asia! Ubishi ukawaka, mikono inapepea kama wanafukuza nyuki, mpaka ikabainika kwamba kijijini kwake jagwa, yule paka mkubwa wa madoa wa Amerika, ndiye anaitwa tigre. Muda wote huo simba wawili walipita nyuma ya gari. Niliwaona peke yangu.

Siku ya tatu, kwenye uwanda wa kuelekea Naabi, tukapata bahati: bweha masikio mdomoni mwa shimo lake. Zorro orejudo, nilikuwa naye kichwani tayari. Amelala, watoto wanne wanamkanyaga mgongoni na kumng'ata yale masikio makubwa kama kiganja cha mtu. Mwenye watoto ni nani? Mama. Zorro, toa o, weka a.

Yule mwalimu alikuwa amesimama, kichwa kimetoka juu ya paa, mbele kabisa ya kidole changu.

"¡Señora! ¡Zorra!"

Kamera zikanyamaza. Nikadhani hawajasikia, nikapandisha sauti. "¡Qué zorra! ¡Zorra bonita! ¡Con cuatro hijos!"

Mumewe akavua miwani ya jua, akaikunja, akaiweka mfukoni. Mwanamume akiweka miwani mfukoni, wewe tafuta pa kukimbilia, ila mimi nje kulikuwa na simba. Mzee wa Meksiko akaninong'oneza kwa Kiingereza. Zorra ni bweha jike, ndiyo. Ila ukimwambia mwanamke, ni tusi ambalo kwetu ukimtamkia mke wa mtu, suluhu yake ni kwa mjumbe wa nyumba kumi, ukiwa na bandeji. Na mama huyu, akaongeza, ana watoto wanne kweli.

Nikaomba msamaha kwa Kihispania, kwa Kiingereza, na vilipoisha nikaendelea kwa Kimeru. Usukani ulikuwa umelowa viganja vyangu. Ghafla nikasikia kofia inaanguka: mwalimu anacheka hadi ameshikilia bomba la paa, na mumewe naye, baada ya kufikiri kidogo, akacheka.

Akiwa bado anafuta machozi, akaomba darubini. Bweha aliamka, akajinyoosha, akatugeuzia makalio. Na mimi najua, nimefundishwa chuoni, nimefanyia mtihani, kwamba kwa bweha masikio baba ndiye anayebaki kulea wakati mama kaenda kula mchwa.

"Macho," akasema mwalimu, akinirudishia darubini.

Safari hii nilijua pa kutazama.