Bastola isiyo na sefti ya nje bado ina sefti

Mwandishi wa makala moja kuhusu bastola anasema bastola isiyo na sefti (kizuizi cha kuzuia risasi isitoke bila kukusudia) ya kubonyeza ubavuni "haina usalama". Hapana, ndugu mwandishi, hapo umepotosha watu. Usalama ulihamia ndani zamani.

Chukua Colt M1911. Ina sefti ya kidole gumba na nyingine mgongoni mwa mpini, lakini pini inayogonga kitako cha risasi ilizuiwa na springi tu. Ikianguka kwa nguvu mdomo chini, pini iliweza kusonga yenyewe na risasi ikatoka, hata sefti ikiwa imefungwa. Walther P38 ya Wajerumani, ya mwaka 1938, ilikuwa tayari na kizuizi cha pini kinachoachia pale tu triga (kifyatulio) inapovutwa. Kampuni ya Colt yenyewe ilikuja kuweka kizuizi cha namna hiyo kwenye M1911 zake za Series 80 mwaka 1983! Miaka yote hiyo ya kuchelewa inaniuma, maana ni kijichuma kidogo tu chenye springi.

Glock 17, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, ina kizuizi hicho pia, na katikati ya triga kuna kijiulimi ambacho kisipobonyezwa triga haisogei. Watu wanakidharau. Lakini ndicho kinachozuia triga isijivute kwa uzito wake bastola ikianguka, na triga ikijivuta, kizuizi cha pini nacho kinaachia.

Kasoro ya namna hiyo ndiyo iliyoonekana kwenye bastola ya SIG P320 mwaka 2017. Kampuni ikatoa marekebisho ya hiari, ikiwemo triga ambayo yenyewe ina uzito mdogo zaidi.