Mlipeni fundi kwa kugundua

Laptopu ya mama mdogo ilipowaka mezani kwangu, kitu cha kwanza nilichokisoma kwenye kioo ni tarehe: 1 Januari 2007. Mashine hiyo ilikuwa imetoka kwa mafundi wawili, mmoja Tanga mjini na mwingine Muheza, na wote walimpa jibu lile lile. Draivu ya DVD imekufa, nunua nyingine, la sivyo haiwezi kupigwa Windows upya. Wa pili alimwongezea kwamba hata bodi yenyewe, ile sakiti kuu ya mashine, haiko salama.

Mama mdogo alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu. Ndani ya hadi diski, kile kifaa cha kuhifadhia mafaili, kuna maandalio yake ya masomo, kuna hotuba aliyoisoma siku ya kuagwa, na kuna picha za marehemu baba mdogo ambazo hazipo mahali pengine popote. Windows ilikuwa imegoma kuwaka tangu umeme ulipokatika mashine ikiwa kazini, maana betri yake kubwa ilishaisha siku nyingi.

"Mama, hao mafundi waliijaribu draivu kwa diski ngapi?"

"Mwanangu, mimi nilikaa benchi tu. Waliingiza moja, ikakataa, wakaitoa."

Moja! Nilikaa kwenye meza ya ufundi miaka minne kabla ya kuhamia kazi nyingine, na jibu hilo liliniuma, kwa sababu najua linakotoka.

Lakini nianze na ile tarehe, maana ilikuwa inasomeka na kila aliyeiwasha mashine. Saa ya kompyuta hutunzwa na betri ndogo ya duara ya volti 3, aina ya CR2032, ile ile inayouzwa kwa ajili ya mizani na rimoti za magari. Kwenye laptopu nyingi huwa imevishwa plastiki na kutolewa nyaya mbili. Ikiisha, mashine inayochomolewa kwenye umeme husahau siku, na mashine za zamani husahau pia mipangilio ya BIOS, programu ile inayoamka kabla ya Windows. Moja ya mipangilio hiyo ni foleni ya kuwashia: atazamwe nani kwanza, hadi diski, draivu ya DVD au mtandao. Unaweza kuingia ukaitanguliza DVD, ukahifadhi vizuri kabisa, kisha ukachomoa chaji uhamie soketi nyingine. Ukirudi, foleni imeshageuka, hadi diski ndiyo inayotangulia, na wewe unaamini kwamba draivu ndiyo iliyokataa.

Dawa ya muda haihitaji bisibisi. Mashine nyingi zina kitufe cha kuchagua mara moja tu pa kuwashia, na mara nyingi ni F12, ingawa nyingine hutumia Esc au F9. Nilikibonyeza, nikaikuta draivu ya DVD imeandikwa kwa jina lake kamili. Kwa hiyo ilikuwa inaonekana. Isingeonekana, ningeichomoa na kuirudisha, kwa sababu draivu nyingi za laptopu hushikiliwa na skrubu moja tu upande wa chini, na kugusana vibaya kwa meno yake ni jambo la kawaida.

Nikaingiza DVD ya Windows aliyopewa na fundi wa Muheza, nikasogeza sikio. Diski ikazunguka, ikapunguza mwendo, ikazunguka tena, mara tatu, kisha kimya. Sauti hiyo ina maana kubwa: mota ni nzima, umeme unafika, kinachoshindikana ni kusoma. Sasa ama diski ni mbovu, ama jicho linaloisoma.

Diski mbovu ni jambo la kila siku. Kuna utaratibu uitwao El Torito, ulioandikwa na kampuni za IBM na Phoenix mwaka 1995, unaoiambia BIOS namna ya kuwasha kompyuta kutoka kwenye CD. Kwa utaratibu huo, BIOS hukimbilia sekta ya 17 ya diski, yaani kipande kidogo chenye namba yake, na hapo hutegemea kukuta maelezo ya mahali pa kuanzia. Mtu akipakua faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, kisha akalichoma kama anavyochoma wimbo au picha, faili litakuwemo zima, lakini kwenye sekta ya 17 hakuna chochote cha kuwashia. Diski kama hiyo haitawaka milele, hata ukiiweka kwenye draivu mpya iliyotoka dukani leo. Kuitambua ni rahisi: ifungue kwenye kompyuta nyingine. Ukiona faili moja kubwa linaloishia na iso, ilichomwa vibaya. Ukiona mafolda mengi, ilichomwa sawa. Ile ya fundi ilikuwa na mafolda, na kwenye laptopu yangu iliwaka bila tatizo.

Likabaki jicho. Na hapa ndipo mahali ambapo wengi wanakata tamaa mapema. Draivu ya DVD inatumia miale miwili ya leza: wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 kwa CD na wa nanomita 650 kwa DVD. Mmoja unaweza kuchoka, mwingine ukabaki na nguvu zake. Kwa hiyo draivu iliyokataa DVD bado haijajibu swali lolote kuhusu CD. Nilisafisha lenzi kwa pamba na spiriti, taratibu, nikarudisha ile DVD. Bado ikakataa. Nikatafuta CD yangu ya zamani ya Puppy Linux, mfumo mdogo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao matoleo yake mengi yanaingia kwenye CD moja ya megabaiti 700. Nikaiingiza. Ikazunguka, na safari hii haikunyamaza. Baada ya muda mfupi kioo kilijaa.

Mafundi wale, basi, hawakukosea kila kitu. Upande wa DVD umechoka kweli. Kosa lao ni kwamba waliishia hapo, wakaihukumu draivu nzima, na mmoja akaiunganisha na bodi ambayo haikuwa na hatia.

Puppy hujipakia kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kufanya kazi humo, kwa hiyo haikuhitaji kugusa hadi diski ili iwake. Niliifungua hadi diski kwa kusoma tu. Mafolda ya mama mdogo yote yalikuwapo. Nikachomeka flashi, ambayo BIOS ya mashine ile haikuitambua kabisa kama pa kuwashia, lakini Linux iliiona mara moja. Tukaanza kunakili, yeye ameketi pembeni akisoma majina ya mafolda kwa sauti.

Sasa nirudi kwenye ile diski moja. Fundi hakuijaribu draivu kwa diski ya pili kwa sababu hakuna anayemlipa kwa diski ya pili. Nilipokuwa mezani, mteja akiambiwa "nimebadilisha draivu" alitoa pesa bila ubishi, maana aliona kitu kipya kimeingia. Akiambiwa "nimekaa nayo saa mbili, nimegundua ni betri ya saa na foleni ya BIOS", alitoa shukrani na pesa ya soda. Kijana mwenye kodi ya fremu na mtoto nyumbani atajifunza haraka kwamba maarifa yake hayana bei, spea ndiyo yenye bei. Tumemfundisha sisi wateja. Hospitali tunalipia vipimo hata majibu yakitoka kwamba hatuna ugonjwa, na hatumdai daktari atuoneshe kiungo alichobadilisha.

Nataka tufike kwa fundi na sentensi tofauti: "Nakulipa kwa kuchunguza, hata kama hutabadilisha kitu." Mkubaliane kiasi kabla hajaifungua. Kisha muulize amejaribu nini na ameona nini: je, draivu inaonekana kwenye BIOS, diski inazunguka, diski hiyo imewaka kwenye mashine nyingine, CD nayo imekataa? Fundi anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Na ikifika mahali pa kununua draivu kweli, uliza kama ni ya SATA au ya IDE, aina mbili za kiunganishi, na unene wake, kwa sababu zipo za milimita 12.7 na za 9.5, na hazibadilishani.

Picha za baba mdogo zilimalizika kunakiliwa saa nne usiku. Asubuhi nilinunua betri ya CR2032 yenye nyaya, nikaiweka, nikarekebisha siku na foleni. Nikachomoa chaji makusudi, tukanywa chai, nikairudisha na kuwasha.

Mama mdogo aliinama kwenye kioo, akaisoma tarehe. Ilikuwa ya siku ile.